Tangi la Pili la Hakimu

Jumapili, 4 Februari

Nimeshtuka. Mama amesema Hakimu ahame.

Hakimu ni samaki wangu wa dhahabu. Tulimwita hivyo kwa sababu hukukazia macho, hufungua mdomo kama anayetaka kusoma hukumu, kisha huahirisha kesi. Ninaye tangu darasa la tano. Ndiye kiumbe pekee ninayeweza kuzungumza naye bila kutokwa na jasho.

Kosa si lake. Ni la kichujio chake, kisanduku kinachonguruma juu ya kioo usiku na mchana. Tangi liko sebuleni, limepakana na ukuta wa chumba cha Mama. Mama ni muuguzi wa zamu za usiku. Hulala mchana. Baba yuko safarini na lori lake, kwa hiyo nyumba hii inatawaliwa na usingizi wa Mama. Leo ametoka chumbani macho mekundu, akasema kwa upole (upole wake ndio unaotisha) kwamba amevumilia mwaka mzima kulala na mzinga wa nyuki ukutani. Daktari wa meno mwenye kliniki karibu na kazini kwake anatafuta samaki wa kupamba chumba cha kusubiria. Ngurumo isipokoma kufikia Jumamosi, Hakimu ataenda kuwaliwaza wenye meno mabovu.

Siku sita! Nimemweleza Hakimu. Ameahirisha.

Jumatatu, 5 Februari

Ufumbuzi umepatikana. Maktaba ya shule, rafu ya chini kabisa, kitabu cha ufugaji wa samaki ambacho hakijaazimwa na mtu tangu sijazaliwa. Sura ya tano yote ni mabomba. Nimeisoma mara tatu, mara mbili wakati wa jiografia.

Kumbe wafugaji wakubwa hawaweki kichujio kwenye tangi la samaki. Wanaweka tangi la pili mbali, hata chumba kingine. Maji hufurika kutoka tangi la juu, hushuka kwa bomba, huchujwa huko chini, kisha pampu huyasukuma yarudi kwa bomba jingine. Kelele zote zinabaki kule. Samaki anabaki kama sultani.

Sasa, stoo yetu iko nyuma ya jikoni, ngazi sita chini. Ni kana kwamba aliyejenga nyumba hii alimwona Hakimu ndotoni.

Nimechora. Karatasi tatu za grafu. Bomba linapanda kutoka stoo, linapita juu ya mlango, linaikwepa kwa heshima picha ya harusi ya wazazi, linazunguka kabati, linashuka tangini. Elbo kumi na moja, yaani vile vipande vya kukunjia bomba. Mchoro unapendeza kuliko mchoro wowote niliowahi kuchora.

Mdogo wangu, tunayemwita Sindano kwa sababu ya ulimi wake, amechungulia akauliza kwa nini nisiweke tu kipande cha sponji chini ya kile kisanduku, kisigonge kioo. Sikumjibu. Wenye akili ndogo hupenda suluhisho dogo.

Nilikuwa bado nachora Babu akanizimia taa. Babu, baba yake Mama, alikuwa mlinzi wa kiwanda miaka thelathini na bado anafanya doria humu ndani. Swichi ikiwaka bila mtu kuiangalia, anaizima. Nilikuwa naiangalia karatasi, si swichi. Amesema hilo ndilo kosa langu.

Jumanne, 6 Februari

Nimenunua pampu kwa akiba yangu yote. Dukani sikuweza kusema neno. Nilimpa muuzaji kikaratasi, kama mtu aliyeng'olewa ulimi. Alinionea huruma, akaniandikia majibu naye.

Boksi limeandikwa: lita elfu mbili kwa saa. Tena limeandikwa: kimo mita mbili. Kutoka sakafu ya stoo hadi ukingo wa tangi la Hakimu nimepima mita mbili kasoro sentimita tatu. Pampu imeumbwa kwa ajili yetu!

Jioni nimeiweka kwenye pipa la plastiki stoo, nikafunga mpira mrefu, nikaupandisha hadi sebuleni. Sindano akashika ndoo. Nikawasha.

Hakuna kitu.

Nikasubiri. Sindano akatazama ndani ya ndoo, akatazama mdomo wa mpira, akaripoti kwa sauti ya mtangazaji wa redio kwamba tone la kwanza limewasili na linaulizia wenzake.

Sijala. Lita elfu mbili! Ziko wapi?

Jumatano, 7 Februari

Ilinibidi kwenda kwa fundi bomba, jirani wa ukuta kwa ukuta. Nilifika getini kwake mara mbili nikarudi. Mara ya tatu alitoka mwenyewe kumwaga maji, akanikuta nimesimama kama nguzo. Nikampa kikaratasi.

Alisoma, akakaa chini kwenye kizingiti ili acheke vizuri.

"Mwanangu," akasema, "kuna mtu anajua kukimbia, na kuna mtu anajua kubeba gunia. Wewe umesoma sifa zote mbili ukadhani atakimbia na gunia kichwani."

Kumbe! Mita mbili ni mahali pampu inapokata roho. Inafika, ila mikono mitupu. Na kila elbo ninayoweka ni kama nimeongeza mlima. Nimeshtuka kuliko siku niliyogundua mwalimu wa fizikia hupiga hesabu zake kwa vidole.

Fundi aliutazama mchoro wangu kwa muda. Akasema maji si bibi harusi, hayana haja ya kuzungushwa mtaa mzima. Amekata elbo kutoka kumi na moja hadi nne. Bomba sasa linapita moja kwa moja chini ya picha ya harusi. Baba anaonekana kama ameegemea reli ya meli.

Amejitolea kunifungia kazi yote, na kuniazima pampu kubwa aliyoing'oa kwenye chemchemi ya hoteli. Anasema Mama alimuuguza mguu wake vizuri mwaka jana. Niliandika "asante sana" kwenye kikaratasi kingine. Akakikunja akakitia mfukoni.

Alhamisi, 8 Februari

Fundi amekuja saa kumi na mbili jioni, Mama alipokwisha kuondoka kwenda zamu. Hakimu tukamhamishia kwenye beseni la kufulia la Sindano, ambaye amedai beseni lirudi bila magamba.

Fundi ametoboa kioo! Keekee ya umeme, meno ya kukatia kioo, maji yakimwagiwa juu yake polepole, tundu la kufurikia karibu na ukingo. Nilifumba macho. Nilipofumbua, tangi lilikuwa zima na mimi nilikuwa nimemshika Sindano mkono. Tumekubaliana kwamba halikutokea.

Tukawasha. Maji yakapanda! Yakafurika kwenye tundu, yakashuka stoo, yakapanda tena. Pampu haisikiki kabisa sebuleni.

Kinachosikika ni bomba la kushukia. Linafyonza, linagugumia, linamaliza kwa mkoromo mrefu. Kelele imekuwa mara mbili ya ile ya kisanduku, na ni kelele ya choo. Tena si mimi ninayesema: Babu amesimama nje ya mlango wa choo robo saa nzima, taulo begani, akimsubiri aliyemo ndani amalize. Hatimaye akagonga akamwambia aliyemo alipumzishe tumbo lake, asile tena vya jana. Choo kilikuwa kitupu.

Zimebaki siku mbili.

Ijumaa, 9 Februari

Fundi amerudi. Ameweka koki kwenye bomba la kushukia, akaifunga nusu, mkoromo ukakoma. Namwona kama mganga.

Lakini kabla ya kuondoka akafanya jambo la kushangaza. Alichukua bomba la kurudishia maji, jipya kabisa, safi, akalitoboa tundu dogo karibu na mdomo! Akasema mdomo ukae juujuu, chini kidogo ya uso wa maji, na hilo tundu lisizibwe, kwa sababu maji yana tabia ya kuvutana kama kamba. Pampu ikisimama, bomba litageuka, litanyonya maji ya juu kuyarudisha chini. Tundu litaingiza hewa, kamba itakatika. Akaniambia nizime pampu nihesabu dakika kumi, nione mwenyewe, ndipo nimrudishe samaki.

Nikaitikia kwa kichwa. Siwezi kubishana na mtu mzima. Hata na mtoto siwezi.

Alipoondoka nikasikiliza. Tundu lilikuwa linatema: tsss, tsss. Kidogo sana, lakini Mama husikia chumvi ikiyeyuka. Nikaliziba kwa gundi. Kisha nikaunga kipande cha bomba, nikakishusha hadi karibu na changarawe, mtiririko usisikike. Kimya! Kimya cha kaburi! Ile ya kuzima pampu nimeiacha. Boksi la pampu limeandikwa ifanye kazi saa ishirini na nne. Kwa nini nizime kitu kinachofanya kazi?

Hakimu amerudi nyumbani. Amezunguka tangi mara mbili akasimama mbele yangu. Nimemwambia kesi imefutwa.

Jumamosi, 10 Februari

Naandika mkono ukiwa umekunjamana kwa maji.

Mama alirudi zamu saa mbili asubuhi. Alisimama sebuleni na mkoba bado begani, akaweka sikio kwenye kioo. Akaniangalia. Akasema, "Ama kweli." Akaingia kulala. Nilidhani nitapaa.

Nikaenda kutoa nakala za mchoro, kwa ajili ya vizazi vijavyo. Sindano akaenda sokoni. Mama usingizini. Nyumba ikawa kimya, na kimya ndicho kinachomwamsha Babu. Akapiga doria. Sebuleni akazima taa. Jikoni akazima nyingine. Stoo akakuta swichi inayowaka nyekundu na hakuna mtu anayeiangalia.

Kisha akaenda kuota jua.

Bomba langu, lililozama hadi chini, likaanza kunyonya. Lilinyonya kimya. Hakuna bomba duniani lililowahi kunyonya kimya namna ile. Pipa la stoo ni dogo mno, likajaa, likafurika. Maji yakachukua viatu vya mvua vya Baba, boksi la majarida, na kitabu cha maktaba, yakatoka navyo kwa mlango wa nyuma wa stoo, yakapita uani hadi kwa fundi bomba. Fundi aliona kitabu kinapita chini ya geti lake. Akaja kugonga mlango, akamwamsha Mama.

Nilipofika, sebuleni tangi lilikuwa na maji ya vidole viwili na changarawe. Hakimu hakuwemo.

Mama alikuwa amekaa sakafuni jikoni, bado na gauni lake la kulalia, sufuria kubwa mapajani. Ndani ya sufuria alikuwamo Hakimu, amelala ubavu. Mama alikuwa anamsukuma taratibu kwa kidole, mbele, nyuma, mbele, maji yapite mashavuni mwake. Sijui alifanya hivyo kwa muda gani. Fundi alisema alimkuta tayari amekaa hivyo alipotoka stoo kuchota maji ndoo ya kumi.

"Usiku wodini nilikuwa na wagonjwa kumi na wawili," Mama akasema bila kuinua macho. "Huyu wa kumi na tatu."

Nilipapasa mfukoni. Sikuwa na kikaratasi.

Nilikaa karibu yake. Baadaye sana pezi moja likatikisika, kisha Hakimu akajiinua, akatutazama, akafungua mdomo. Mama akaegemeza kichwa ukutani akalala palepale.

Babu ameuliza kwa nini hakuna aliyemshukuru. Swichi ile ilikuwa inawaka juu ya maji.

Jumatatu, 12 Februari

Hakimu ameondoka kwenda kwa daktari wa meno. Mama hakunigombeza, na hilo limenishtua kuliko mafuriko. Amesema tu kwamba samaki hana pa kukimbilia, kwa hiyo anayemfuga hana haki ya kubahatisha. Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili. Nadhani inamhusu Babu.

Fundi ametazama bomba, ameona gundi. Alinipa kikaratasi. Kilikuwa kitupu. Anadai alikosa maneno.

Mkutubi amekataa kukipokea kitabu. Kimekuwa kinene mara tatu.

Ijumaa, 16 Februari

Nimekwenda kumtembelea Hakimu. Daktari wa meno ameniruhusu kuja kila Ijumaa kumsafishia tangi. Hakimu hajambo. Alinitambua, nina hakika, kwa maana alifungua mdomo mara nne. Mgonjwa mmoja mwenye shavu lililovimba amesema samaki huyu ana busara.

Lakini nimeshtuka. Tangi lake lina kisanduku kinachonguruma! Wagonjwa wanasikia ngurumo humo, na ngurumo ya keekee ya meno kutoka chumba cha pili, mchana kutwa. Ni ukatili.

Kwa bahati, kuna ghorofa ya chini. Nimeshuka ngazi nikihesabu: kumi na nane. Kuna chumba cha kuwekea mafaili, kikavu, hakina mtu. Nimekwisha chora. Pipa linaenea kati ya kabati mbili. Nitahitaji pampu yenye nguvu mara mbili, elbo sita tu, na mdomo wa bomba uzame kabisa chini ili wagonjwa wasisumbuke. Kosa la mara ile lilikuwa Babu. Hapa hayupo.

Dada wa mapokezi ni mkarimu sana. Bila hata mimi kumwandikia, amenieleza taratibu zote za pale. Wanafunga saa kumi na moja kamili, na wa mwisho kutoka hushusha swichi kuu ya jengo zima. Nimemshukuru. Sikuliweka hilo kwenye mchoro. Ni habari ya umeme, na mimi hapa nashughulika na mabomba.