Kiapo cha Miaka Sitini na Sita

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya bima imefika. Kurasa mbili. Wa kwanza unasema bima yangu kubwa inakwisha mwisho wa mwezi, na kwa kuwa nimetimiza miaka sabini, ya mwaka ujao inapanda karibu mara mbili. Mara mbili! Gari ni lile lile, na mimi ni yule yule. Ukurasa wa pili una maandishi madogo kama sisimizi wanaohama. Nimeukunja nikautia chini ya mguu wa meza ya jikoni. Meza imetulia. Mimi sijatulia.

Nimempigia mwanangu mkubwa. Nikamwambia nitakata bima ndogo, ile inayomlipa uliyemgonga na wewe mwenyewe ukabaki na bati lako lililobonyea. Akaja juu. Akasema mama, kwa umri wako, bila bima kubwa hushiki usukani. Anakuja Jumapili ya tarehe kumi na sita. Asipoona karatasi ya bima kubwa, funguo anaondoka nazo. Nilimbeba huyu mgongoni miaka miwili. Sikumdai bima.

Jumanne, 4 Machi

Wazo limenijia nikiosha vyombo. Mimi sina sabini! Nina sitini na sita. Baba aliniongezea minne nikiwa na kumi na minne, ili nichukuliwe kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Kitambulisho kikaufuata uongo wa baba. Nimezeeka kwa karatasi, basi na nirudi ujana kwa karatasi.

Nimekwenda kwa wakili wa mtaa wa pili. Karani wake akasema inawezekana, ila aje mkubwa wangu aape kwamba ananijua tangu nazaliwa. Nimebaki na mkubwa mmoja tu. Dada. Na hapo ndipo penye shida.

Jumatano, 5 Machi

Dada ana sabini na moja. Lakini wakala wangu wa bima anajua ana sitini na nne. Huyu wakala ni mjane mtulivu, tunamwita Bwana Kalamu kwa sababu ya kalamu zake tatu mfukoni: ya bluu ya fomu, nyekundu ya makosa, ya kijani ya kumwandikia Dada salamu. Mwaka mzima sasa anakwenda kwa Dada kunywa chai na kumwita binti. Na mbele yake Dada ananiita mimi dada! Nami naitika! Faida yake ni moja tu, siku hizo chai ananiandalia yeye.

Nimemweleza Dada shida yangu. Akasema bora nitembee kwa miguu mpaka kaburini. Akasema nina wivu tangu tunagombania mto wa kulalia. Nikalia. Nikamwuliza nani anampeleka kliniki kila mwezi, na nani atampeleka funguo zikiondoka. Akasema ataapa, ila Bwana Kalamu asije akaiona hiyo karatasi. Nikamwapia kwa roho ya mama yetu.

Ijumaa, 7 Machi

Tumeapa. Karani ana sauti ya mpiga mnada. Alimwuliza Dada umri mbele ya benchi zima. Dada akajibu polepole. Karani akasema hasikii, arudie. Akarudia. Mzee mmoja kwenye benchi akasema mbona hafanani na miaka hiyo, na Dada akatabasamu mpaka garini. Ndani ya gari akanishika mkono. Akasema haya, leo umekuwa mdogo wangu tena.

Nayaandika haya na moyo umejaa. Laiti mambo yangeishia hapo.

Jumatatu, 10 Machi

Ole wangu.

Nilipanga kuipeleka karatasi kwenye dirisha la ofisi ya bima, nisimpitie Bwana Kalamu. Foleni imefika nje! Magoti yakaanza kelele zake. Mara akatokea yeye mwenyewe, akasema shemeji, unapangaje foleni kama mgeni, lete hapa. Ningesema nini? Nikaikunja, mahali penye umri wa Dada pakawa kwa ndani, nikidhani atasoma yangu tu. Nilisahau kuwa ni mtu wa bima. Anasoma mpaka mgongo wa karatasi.

Akavua miwani. Akauliza taratibu, kumbe mdogo ni wewe? Akasema miaka haimsumbui, yeye ana sitini na nane na angefurahi kupata wa kumwita dada. Kilichomuuma ni kwamba mwaka mzima amekunywa chai na wanawake wawili wanaokonyezana.

Kisha akaniuliza kwa nini sikujaza ile fomu ya ukurasa wa pili. Mzee aliyeendesha miaka kumi bila kugonga kitu hupunguziwa, na mimi ninayo kumi na miwili. Nilitakiwa saini tu. Saini tu! Dada wa watu nimemwanika bure.

Nikatoka nalia. Nikaingia garini, nikatia rivasi, nikaigonga nguzo ya geti la ofisi ya bima. Watu wa bima wote dirishani! Bima itaijenga nguzo, na miaka yangu kumi na miwili imekwenda na nguzo.

Jumatano, 12 Machi

Bwana Kalamu hajakanyaga kwa Dada. Dada amenirudishia sufuria yangu kwa mkono wa jirani. Imesuguliwa mpaka najiona uso. Dada akisugua hivyo, amelia.

Nimekwenda kugonga. Akajibu kwa ndani, hakufungua. Akasema binti hayupo, yupo bibi wa miaka sabini na moja na amepumzika. Nikakaa kizingitini saa nzima. Nilimsikia naye amekaa upande wa pili, kiti kinalia.

Jumapili, 16 Machi

Mwanangu amekuja. Hakugomba, na hilo ndilo limeniumiza zaidi. Akafunga gari, akatia funguo mfukoni, akasema siku za kliniki atatupeleka yeye. Sikumwambia kwamba wa kupelekwa hanisemeshi. Wala sikukumbuka kwamba miwani yangu imo humo garini. Naandika kwa kubahatisha mistari.

Lakini nina wazo! Kesho asubuhi nakwenda kwa wakili kwa miguu. Safari hii naapa mimi, kwamba Dada ana sitini na nne kamili, na kwamba kwenye kile kiapo cha kwanza alidanganya kwa kunihurumia. Karatasi nampelekea Bwana Kalamu. Karani atauliza nimeshuhudiaje kuzaliwa kwa mkubwa wangu. Hilo nitalifikiria njiani.

Jana ilikuja barua nyingine ya bima, nimeifungua sasa hivi. Kurasa mbili tena. Wa kwanza una herufi kubwa, nimeusoma: nguzo imelipwa. Wa pili umeandikwa kwa mkono, mrefu, naona kijani kijani tu. Bila shaka ni lawama. Nimeshalaumiwa vya kutosha.

Na tangu nilipoitoa ile fomu, meza hii inacheza mno, mtu hawezi kuandika. Nimeukunja mara nne, nikautia chini ya mguu.

Ah. Imetulia.