Friji Isiyolalamika

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kuandika shajara. Wakubwa wote huandika, na mimi nitakuwa mkubwa baada ya wiki mbili hivi, mambo yakienda nilivyoyapanga.

Hali ilivyo. Kampuni yetu inatengeneza friji za kuhifadhia chanjo. Ndani ya kila friji kuna kompyuta ndogo, na ndani ya kompyuta kuna kiini, yaani ile programu ya chini kabisa ambayo nyingine zote zimeikalia. Mimi ndiye ninayeandika sehemu ya kiini inayozungumza na kipimajoto. Kazi nyeti! Wanaoielewa ni wachache, na nyumbani hakuna hata mmoja.

Mkuu wa kampuni ametundika ubao karibu na birika la chai. Umeandikwa jina la kila mmoja wetu na idadi ya makosa ambayo sehemu yake imeripoti kutoka kwenye friji za majaribio tangu ilipobadilishwa mara ya mwisho. Yangu ni arobaini na moja. Ijumaa ya wiki ijayo Mkuu atautazama ubao huo na kuteua msimamizi wa kitengo. Tunaogombea ni wawili, mimi na Mama Hapana. Huyu ni mhandisi wa siku nyingi. Hakuna msimbo, yaani maandishi ya programu, unaoingia kwenye kiini kabla hajausoma, na nimempa jina kutokana na jibu lake. Ana makosa sitini na matatu. Wala haoni haya! Anakunywa chai mbele ya ubao akiyasoma moja moja, kwa raha zake.

Katika makosa yangu arobaini na moja, thelathini na tisa yanatoka kwenye friji moja tu. Iko kwenye zahanati anakofanya kazi dada yangu mkubwa. Mimi ndiye niliyehangaika mpaka ikapelekwa kule. Kweli shukrani ya punda ni mateke.

Jumanne, 4 Machi

Dada kanisomea mashtaka kabla sijamaliza chai. Friji inapiga kelele. Mara tatu kwa siku inalia, anamwacha mgonjwa na sindano nusu njia, anapenyeza mkono nyuma ya friji, anausukuma waya wa kipimajoto, inanyamaza. Anataka kelele ziishe. Nikamwahidi zitaisha. Dada ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na hadi leo nalala chumba cha nyuma cha nyumba yake. Nikimwahidi kitu hutimiza, au hukaribia.

Njiani nikapata wazo. Zuri sana! Naliandika hapa kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Kwenye kiini, kila sehemu inayotumwa kazi hurudi na nambari. Sifuri maana yake mambo ni mazuri. Nambari hasi maana yake kuna kosa, na kila moja ina habari yake. Hasi tano, kifaa hakikujibu. Hasi kumi na mbili, kumbukumbu imejaa. Anayepokea nambari anatakiwa aitazame, kisha ashughulike au aipeleke kwa aliye juu yake, naye juu zaidi, mpaka ifike kwenye kile kinachopiga kelele. Arobaini na moja zangu zote ni hasi tano. Sasa najiuliza, nani alinituma kuzipandisha juu?

Mistari mitatu tu. Ikija hasi tano, naipokea, naiweka kando, narudisha sifuri pamoja na joto la mwisho lililosomwa salama. Programu inayotafsiri msimbo ikalalamika kwamba nimepewa jibu nikaacha kulitazama. Kuna kistari cha kuinyamazisha. Nikakiweka, ikatulia.

Kikwazo kilikuwa Mama Hapana. Lakini leo kaenda kung'oa jino! Nikampelekea Mkuu aidhinishe badala yake. Mkuu aliacha kuandika msimbo zamani, akiwa bado na nywele. Alitazama, akasema unaonekana msafi, akaidhinisha, na jioni hiyohiyo ukatumwa kwenye friji zote.

Alhamisi, 6 Machi

Sifuri! Mkuu ameifuta arobaini na moja kwa mkono wake na kuandika sifuri kubwa, yenye kitako. Akawaambia wote waje kwangu wajifunze. Nilijitia kutosikia ili arudie.

Mama Hapana alikuja na shavu limevimba. Akaitazama ile sifuri muda mrefu, kikombe mkononi. Hakunipongeza. Aliniuliza swali moja, kwa shida kwa sababu ya jino: hata waya ukilegea? Nikamjibu kwamba waya zangu hazilegei. Akaguna akaenda zake. Husuda ni ugonjwa mbaya.

Jumapili, 9 Machi

Dada ana furaha. Siku tano hajasikia kelele hata moja. Amewahudumia watu bila kukatizwa, na wala hajapenyeza mkono nyuma ya friji, maana hakuna anayemwita. Akasema kweli nimekua. Akanipa kiti cha karibu na dirisha, ambacho huwa ni chake.

Nilikaa. Sijui kwa nini sikustarehe. Huenda ni kile kiti, kina mguu mmoja mfupi.

Jumanne, 11 Machi

Mambo yameharibika.

Jana asubuhi, siku ya chanjo, dada alifungua friji ya zahanati kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu iliyopita, kuchukua chanjo za watoto. Mkono ukamwambia kitu. Mle ndani mlikuwa na joto la chumba. Skrini mlangoni inasema digrii nne. Akaishika chupa ya kwanza, ya pili, ya kumi, zote vuguvugu. Hakumchoma mtoto hata mmoja. Aliwarudisha akina mama wote nyumbani, akaandika ripoti, akamwita mganga mkuu. Amefanya kila kitu kama inavyotakiwa.

Wakafungua kumbukumbu za friji. Siku sita nzima ni digrii nne, kila dakika, bila kosa hata moja. Sasa kama friji ilikuwa baridi, chanjo zilipata wapi joto? Kamati ya zahanati imejijibu yenyewe. Muuguzi alizitoa, akazisahau mezani, akazirudisha kimyakimya, kisha akasingizia friji. Dada amesimamishwa kazi. Ijumaa ataitwa ajieleze. Ana miaka kumi na tisa kazini na hajawahi kupoteza hata bomba la sindano.

Alinikuta jikoni. Hakuwa akilia. Aliniuliza taratibu:

"Wewe ndiye uliyeitengeneza. Mashine hii inaweza kudanganya?"

Nikamjibu kwamba mashine haidanganyi.

Ni kweli, haidanganyi. Mashine ilisema hasi tano kila mara ilipoulizwa. Nimelifikiria jibu langu tangu hapo na sioni kosa ndani yake, ila chakula kimenishinda.

Jumatano, 12 Machi

Mipango ya kumwokoa dada bila kuniingiza mimi:

Wa kwanza, panya. Panya ametafuna waya. Ila wakimtafuta panya hawatamwona.

Wa pili, nitunge kumbukumbu mpya zinazoonyesha joto likipanda. Nilianza. Nikafika saa nne asubuhi ya siku ya kwanza nikagundua kwamba natengeneza uongo mpya wa kufunika wa zamani, tena ule wa zamani ulikuwa na mistari mitatu na huu una elfu nane.

Wa tatu, niende zahanati kama fundi wa ukaguzi, niuvunje waya mwenyewe, kisha nipige yowe kwamba nimeugundua umevunjika. Huu niliupenda. Nikavaa koti la kazi, nikachukua bisibisi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama nikajipenyeza kati ya friji na ukuta mpaka mabega yakakwama. Nikanyoosha mkono kuukata waya. Sikuhitaji bisibisi. Waya ulinijia mkononi wenyewe, haukuwa umeshikana na chochote, yaelekea tangu wiki iliyopita. Nikapiga yowe kweli, maana siwezi kwenda mbele wala kurudi. Mlinzi wa zahanati alinivuta kwa miguu, kiatu kimoja kikabaki kule.

Nilikaa sakafuni na waya wa kipimajoto mkononi. Kichwa cha waya kilikuwa ndani ya kiganja changu, chenye jasho. Juu ya kichwa changu skrini inasema digrii nne, na mtambo wa baridi, unaoiamini nambari hiyo, umelala.

Nikawaza jambo ambalo halijawahi kunijia katika miaka yote ya kazi hii. Hasi tano haikupotea. Niliizuia isipande kwenye mashine, nayo ikapita pembeni, ikatafuta mtu wa kumwangukia. Na mtu aliyekuwa karibu zaidi na friji ni dada yangu.

Mlinzi aliniuliza kama nimeona tatizo. Nikamwambia bado nachunguza.

Alhamisi, 13 Machi

Mama Hapana aliniita kwenye meza yake. Alikuwa amechapisha kumbukumbu za friji ya zahanati kama mchoro, karatasi sita zimeungwa kwa gundi. Mstari mmoja ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Akaniuliza kama nimewahi kuona friji inayowaka na kuzima mara thelathini kwa siku na joto lake lisitikisike. Nikasema labda ni friji bora. Akafungua msimbo wangu kwenye kompyuta, akaweka kidole kwenye ile mistari mitatu, akakiacha palepale.

Nikaanza kujitetea. Nilimweleza kuhusu ubao, kuhusu kelele, kuhusu waya, kuhusu Mkuu aliyeidhinisha. Alisubiri mpaka nikaishiwa. Kisha akasema:

"Nambari ya kosa si aibu yako, mwanangu. Ni barua ya mtu mwingine, wewe umepewa tu uifikishe. Nani alikupa ruhusa ya kuichana?"

Akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na bahati yangu kifo hakikuwahi, kwa sababu kulikuwa na muuguzi mwenye mkono mzuri. Hakuwa akijua kwamba muuguzi huyo ni dada yangu. Nilipomwambia, alivua miwani na kuikunja. Akasema kesho ataipeleka ile karatasi mbele ya kamati, lakini ananiachia nafasi niseme mimi kwanza.

Ijumaa, 14 Machi

Chumba cha mikutano cha zahanati. Meza ndefu, mganga mkuu katikati, wajumbe wanne, Mkuu wetu pembeni akijipepea kwa faili. Dada alivaa sare yake. Ameipiga pasi mwenyewe ingawa hakuruhusiwa kufanya kazi. Mikono ameilaza mapajani.

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kurasa tatu. Ni hotuba nzuri. Ndani yake hakuna aliyefanya lolote. Thamani ilirudishwa. Hali ilihifadhiwa. Ujumbe haukupandishwa. Nilisoma ukurasa mmoja na nusu, wajumbe wakaanza kutazama saa, na mganga mkuu akauliza kwa heshima kama yupo anayeweza kusema hayo kwa lugha ya watu. Nikamtazama Mama Hapana. Akanitazama. Hakufungua mdomo, na jino si tatizo tena.

Basi nikakunja karatasi. Nikasema: "Waya ulichomoka. Friji ilijua. Mimi niliizuia isiseme."

Mkuu aliacha kujipepea. Mama Hapana akatandaza mchoro wake juu ya meza, wajumbe wakauinamia, na baada ya nusu saa dada alirudishiwa kazi yake na funguo za kabati. Waliomba radhi. Alizipokea funguo kwa mikono miwili.

Tulitoka pamoja. Nilitegemea atanisema, na nilikuwa tayari. Alitembea mpaka kwenye kona ya duka la dawa ndipo akasimama.

"Jumanne nilikuuliza jikoni. Ulinijibu nini?"

Nikasema nilimjibu kwamba mashine haidanganyi.

"Ulijua nilichokuwa nauliza," akasema. Akaendelea kutembea, nami nyuma yake. Nilitamani anitukane. Niliumia, na sikujua pa kuyaweka maumivu yale, maana hayakuwa ya mtu mwingine.

Mama Hapana ameteuliwa msimamizi wa kitengo. Ubao umeng'olewa ukutani.

Jumatatu, 17 Machi

Sikufukuzwa. Mama Hapana amenipa adhabu ambayo kwa kweli ni heshima: niandike upya namna kipimajoto kinavyoripoti makosa yote. Kosa lolote lisimezwe. Kila nambari ipandishwe mpaka juu. Akanikabidhi orodha kamili ya nambari, akaniambia niisome yote polepole, siyo zile mbili ninazozijua.

Nimeisoma. Ni somo kubwa! Wiki hii nimekuwa mtu mwingine. Sitarudisha tena sifuri ya uongo maishani mwangu, naapa.

Na katika kusoma nimekutana na hasi ishirini na mbili. Ajabu ya nambari! Maana yake ni hii: ulichoniuliza hakikuulizwa sawasawa. Yaani kazi imeshindikana, hilo limekubaliwa wazi, hakuna kilichofichwa, ila mwenye kosa ni aliyeuliza. Naye akiipandisha, kosa linahesabiwa kwake. Nimeshangaa kwamba watu wana nambari hii siku zote na wanahangaika na nyingine. Waya ukichomoka, hasi ishirini na mbili. Kipimajoto kikifa, hasi ishirini na mbili. Kila kosa linaripotiwa, kama nilivyoagizwa, na hakuna hata moja linalonihusu. Nitampelekea Mama Hapana kesho. Sidhani kama atasema hapana.

Nimeijaribu nyumbani kwanza. Asubuhi hii dada alinisubiri mezani. Amekuwa kimya tangu Ijumaa, lakini leo alinimiminia chai mwenyewe, akaniuliza kwa upole kama kuna kitu ningependa kumwambia. Nikamjibu kwamba swali lenyewe halijaulizwa vizuri.

Akachukua mkoba wake na funguo zake, akaenda kazini bila neno.

Inafanya kazi.