Mheshimiwa Ndani ya Chupa

Umma unatangaziwa kwamba bahari yetu imeongezewa mkazi. Mkazi huyo ni spishi mpya kabisa duniani, na amepatikana kufuatia maelekezo thabiti ya Mheshimiwa Waziri, ambaye aliyatoa akiwa ofisini kwake.

Hilo ndilo tangazo letu la mwezi wa nne. Nililiandika mimi, Katibu wa Kamati ya Kupokea Kiumbe Kipya, na bado naliona zuri. Naandika haya ya sasa kwa sababu kuna watu wanacheka kwenye korido, na kicheko kisicho na kumbukumbu rasmi ni fujo.

Kiumbe mwenyewe aliokotwa na fundi wa maabara, dada mmoja tunayemwita Mama Hadubini. Kwa karibu miaka mitano alikuwa akipiga magoti pwani maji yakipwa, anang'oa mwani, anausuuza kwenye beseni la kufulia, kisha anachungulia kilichobaki chini. Humo ndimo alimopata mdudu wa ukoo wa kamba, aina ambayo wataalamu huiita amfipodi. Urefu milimita sita, mgongo umepinda, mbavu zimebanwa kama aliyekaliwa na mtu mnene. Miguu yake haikufanana na ya mdudu mwingine yeyote aliyewahi kuandikwa. Mama Hadubini alichora kila mguu, na mdudu huyo ana miguu mingi kuliko inavyohitajika.

Jambo lililomhusu yeye binafsi lilikuwa dogo. Waraka wa Utumishi unasema fundi akieleza spishi mpya kwa jina lake, anapanda kuwa mtafiti. Asipofanya hivyo ndani ya miaka mitano, mkataba unakufa. Wake ulikuwa unakufa Desemba. Ana watoto watatu wanaosoma, lakini watoto hawamo kwenye Waraka.

Kamati ilikaa. Tulikuwa saba: Mkurugenzi, Mwanasheria, mimi, na wengine wanne waliokuja kwa ajili ya chai. Mama Hadubini aliweka chupa ndogo mezani.

"Yuko wapi?" akauliza Mkurugenzi.

"Hapo chini, bosi."

"Hilo si vumbi?"

"Vumbi halina miguu."

Mwanasheria alivaa miwani, akavua, akavaa tena. "Huyu si uduvi?"

"Si uduvi, mzee. Uduvi haulali ubavu."

"Analala ubavu?" Mwanasheria alishtuka. "Kiumbe atakayebeba jina la Mheshimiwa analala ubavu?"

Hapo ndipo Mama Hadubini alipojua kwamba mdudu ana jina tayari. Yeye alikuwa amependekeza jina la mama yake mzazi, aliyefua nguo za watu mpaka binti akapata stashahada.

"Mama yako ana wadhifa gani?" akauliza Mkurugenzi kwa upole.

"Ni marehemu."

"Pole sana. Sasa marehemu atakata utepe?"

Nikaandika kwamba jina la Mheshimiwa limepita.

Tulipitia maelezo yake mstari kwa mstari. Alikuwa ameandika "mgongo umepinda." Mheshimiwa hajapinda, tukaandika "mgongo umenyooka." Alikuwa ameandika "hula mabaki ya viumbe waliooza." Tukaandika "hushiriki katika usafi wa mazingira." Palipoandikwa "macho madogo" tukaweka "mwenye maono." Kazi ilikwenda haraka. Kuhusu waandishi, fomu ina mistari saba, na sisi tulikuwa saba. Tulimwonyesha Mama Hadubini fomu yenyewe ili asidhani kuna ubaya.

Alisoma yote, akairudisha. "Andikeni mtakavyo. Ila mjue, katika kazi hii jina haliendi na maneno. Haliendi na picha. Linaenda na huyo mliyemweka kwenye chupa, basi. Aliyemo kwenye chupa ndiye mwenye jina, mpaka mwisho wa dunia."

Niliandika kwenye kumbukumbu: *Fundi alitoa maoni.*

Siku ya uzinduzi Mheshimiwa alifika kukagua kabla ya wapiga picha kuingia. Aliishika chupa, akaielekeza dirishani. Akaitikisa.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, Mheshimiwa," akasema Mkurugenzi.

"Mimi ndiye huyu?"

Mheshimiwa aliweka chupa chini, akasema anakwenda kunawa mikono, na akirudi angependa kuona kitu kinacholingana na ofisi yake.

Kiongozi mzuri huamua. Chakula cha mchana cha wageni kilikuwa kimeshaletwa, na kwenye sinia la Mkurugenzi kulikuwa na kamba wakubwa, wekundu, wa kuchemsha. Mkurugenzi alimchagua mwenye sharubu ndefu. Mimi nilishika koleo. Tulimweka kwenye chupa kubwa ya spiriti, tukabandika lebo: *Kielelezo Namba Moja*. Nakiri alipendeza. Mgongo tuliunyoosha kwa kijiti cha meno.

Mama Hadubini aliingia, akatazama chupa, akanitazama mimi.

"Dada Katibu, huyo ni kamba."

"Ni kielelezo."

"Ameiva."

"Wewe si mwandishi," Mkurugenzi akamkata. "Kachukue mdudu wako utuachie nafasi."

"Nimchukue kabisa?"

"Kabisa! Wizara haimhitaji."

"Sawa, bosi. Basi naomba hati ya makabidhiano."

Mtu anayeomba karatasi namheshimu. Nilimwandikia papo hapo: *Mdudu mmoja, milimita sita, amekataliwa na Wizara, amekabidhiwa kwa mhusika amtumie apendavyo.* Mkurugenzi akasaini. Mimi nikagonga muhuri, tena mara mbili, kwa sababu wa kwanza ulififia. Mheshimiwa akarudi, akaiona chupa, akatabasamu, akapigwa picha. Maelezo yetu yalichapishwa wiki hiyohiyo, na chupa ikatumwa kwenye jumba la makumbusho linalotunza vielelezo vya dunia nzima.

Mwezi wa tisa ilifika barua. Nainukuu bila kuongeza neno:

*"Tumepokea kielelezo chenu kwa furaha. Ni kamba wa kawaida anayeuzwa sokoni, na alishapewa jina kabla babu zetu hawajazaliwa. Kwa hiyo jina la Mheshimiwa Waziri limeingizwa katika orodha ya kudumu kama jina batili la kamba huyo, pamoja na majina ya waandishi wote saba. Tumebaini pia kwamba kielelezo kilichemshwa kwa dakika kama sita. Kati ya mguu wa tatu na wa nne kuna mbegu ya limau. Tafadhali tujulisheni kama mbegu nayo mnaiwasilisha kama spishi mpya."*

Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Mama Hadubini akaitwa.

"Mwanangu," alisema Mkurugenzi, ambaye hajawahi kumwita mtu mwanawe, "tufute hili jambo."

"Halifutiki, bosi. Likishachapishwa limechapishwa. Nilisema kikaoni."

"Hukusema."

"Muulize Dada Katibu."

Nilifungua kumbukumbu. *Fundi alitoa maoni.* Hayakutajwa ni maoni gani, na hapo niliona faida ya kuandika kwa ufupi.

"Basi," Mkurugenzi akasema, "lete yule mdudu mdogo. Tumpe yeye jina la Mheshimiwa haraka, tuseme chupa zilichanganywa."

"Ana jina tayari."

Akatoa mkobani jarida. Kurasa arobaini, michoro thelathini ya miguu, wino bado unanukia. Mwandishi mmoja tu. Mgongo umepinda, analala ubavu, anakula mabaki, na jina lake ni la mama aliyefua nguo za watu, likiwa limetiwa mkia wa Kilatini.

"Mali ya Wizara!" Mwanasheria akaruka. "Kwa kibali cha nani?"

Mama Hadubini alifungua ukurasa wa mwisho. Kiambatisho: hati yangu ya makabidhiano, muhuri wa kwanza umefifia, wa pili unang'aa, na saini ya Mkurugenzi ikiwa na ule mkia wake mrefu anaouvuta akiwa na haraka ya kula.

Mwanasheria aliisoma. Akaisoma tena. "Hii," akasema taratibu, "imekaa vizuri mno."

Asante yake sikuipokea, lakini sifa ni sifa.

Waraka wa Utumishi hauulizi nani amekasirika. Tarehe tatu Desemba niliandaa barua ya kumpandisha Mama Hadubini kuwa mtafiti, na Mkurugenzi akaisaini kwa mkia mfupi. Binti yake mkubwa alimsindikiza kuichukua. Alipoona jina la bibi yake jaridani alilisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, mpaka mlinzi akaja kuona kuna nini.

Limebaki suala moja. Mpishi wa kantini yetu ni mtu mnyoofu. Alisikia kwamba kamba sasa ana jina la kiserikali, akaona si adabu kuendelea na lile la zamani. Nimeandaa waraka wa kukataza matumizi hayo. Unahitaji saini ya mlalamikaji, na fomu ya malalamiko inamtaka aeleze kwanza uhusiano wake na kamba. Mheshimiwa ameshika kalamu mara tatu, na mara tatu ameiweka chini.

Jana alikuja kukagua majengo, tukamwalika kantini. Tulikuwa tumekaa wote saba, yeye akiwa katikati, pale mpishi alipotoa kichwa dirishani.

"Mezani kwa Mkurugenzi!" akaita. "Waziri mmoja wa kuchemsha, tayari! Limau niweke, au mnalo lenu?"