Kompyuta ya Shubiri Moja na Vidole Viwili

Jumatatu, 3 Juni

Leo naanza kuandika shajara, kwa sababu jambo kubwa linahitaji shahidi, na mke wangu amekataa kuwa shahidi.

Jambo lenyewe lilianza jana, mezani kwa mama mkwe. Shemeji, kaka yake mke wangu, alikuwa anajisifu tena kuhusu kompyuta yake ya gemu. Likompyuta gani lile! Mimi naliita Jokofu. Lina taa za rangi, lina feni kila upande, likiwashwa meza inatetemeka. Akasema kuunda kompyuta si kazi ya kila mtu, inataka fundi. Akanitazama mimi. Mdomo ukanitangulia. Nikatangaza kwamba nitaunda yangu, yenye nguvu kuliko yake, na itakuwa ndogo kama boksi la viatu.

Shemeji akacheka mpaka akapaliwa na maji.

Tumewekeana sharti. Jumamosi hii, sebuleni kwangu, mashindano ya gemu ya magari, kila mtu na mashine yake. Nikishinda, ataniita Fundi, mbele za watu, maisha yake yote. Nikishindwa, au mashine isipowaka, mimi ndiye nitakayemwita Fundi. Mimi! Nimwite yule Fundi! Mtu aliyewahi kunipigia simu kuuliza balbu inafunguliwa kwa kuzungushia upande gani!

Mke wangu naye katoa sharti lake. Hiyo kompyuta itakaa kwenye rafu, pembeni ya televisheni, pale penye chombo cha maua. Isipoenea pale, inakwenda stoo. Nimemwambia asiwe na shaka. Mimi ni muuza mapazia. Nimepima madirisha ya nusu ya mji huu kwa mkono mtupu.

Jumanne, 4 Juni

Nimenunua kasha!

Zuri! Dogo! Rangi ya maziwa, mbele lina wavu wa chuma mwembamba, juu lina kishikio cha ngozi. Nimeliweka kwenye kaunta dukani na mteja wa kwanza kuingia kauliza kama ni la kuwekea mkate. Nimefurahi sana. Ndiyo maana yake.

Muuza vifaa simjui kwa sura. Tunaongea kwa simu, na vitu vinaletwa dukani kwangu kwa pikipiki. Ana sauti nyembamba, ya upole, kama ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Namwona kabisa kichwani: kimbaumbau, miwani, mabega yameinama. Alijaribu kuniambia kwamba watu huchagua kwanza vya ndani, halafu ndipo wanatafuta kasha la kuvitosha. Nikamjibu kwamba mimi kwanza nanunua kinachonipendeza, mengine yatajipanga. Akasema haya, mzee.

Mke wangu kaliangalia kasha, kasema linapendeza. Kisha kauliza litajaa nini. Nimemwambia nguvu.

Jumatano, 5 Juni

Siku ya majaribu.

Nimepokea prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, na madabodi, ambayo ndiyo sakafu ambapo kila kitu kinapachikwa. Madabodi nilichagua kwa udogo. Prosesa nilichagua kwa sababu ni mpya kuliko ya shemeji. Muuzaji aliniuliza kama nina hakika vinaendana. Nikamwambia vyote viwili ni vya kompyuta, visiendane kwa nini?

Haviendani.

Kumbe prosesa zina koo zake, na madabodi nazo zina koo zake, na hawaoani hovyohovyo. Nimeigeuza prosesa upande huu, nikaigeuza upande ule. Nimeisemesha kwa upole. Nimeisukuma kidogo, kidogo tu, ikatoa sauti iliyonifanya niondoe mikono na kukaa juu yake. Yaani juu ya mikono.

Nimepiga simu. Muuzaji hakucheka, Mungu ambariki. Kanibadilishia na prosesa ya ukoo unaotakiwa. Imeingia yenyewe! Tih! Bila nguvu! Nimepiga kelele dukani, mteja aliyekuwa anachagua kitambaa cha chumba cha wageni akatoka nje na hajarudi.

Shemeji kapiga simu jioni kujua maendeleo. Nimemwambia yuko mlango wa kutokea. Hakuelewa. Hata mimi sikuelewa, lakini nililisema vizuri.

Alhamisi, 6 Juni

Leo ni kadi ya picha. Hapa ndipo penye vita. Ni kadi hii inayochora magari, barabara na vumbi lake, na ya shemeji ni kubwa, anaisema kila Jumapili. Lazima yangu iwe kubwa zaidi, ndani ya kasha dogo. Hesabu ya kawaida ya mtu wa mapazia.

Muuzaji kaniuliza ndani ya kasha pana urefu wa milimita ngapi. Milimita! Nimemwambia mimi sijashika tepu ya kupimia tangu nioe. Nikapima papo hapo, simu nimeibana kwa bega: shubiri moja, na vidole viwili. Nikamwambia aniletee kadi ya urefu huohuo, isipungue. Kadi iliyopungua ni aibu, kama pazia lisilofika kwenye ukingo wa dirisha.

Kauliza mara mbili, shubiri moja na vidole viwili? Nikamwambia ndiyo, akapime kwa mkono wake mwenyewe, asimwachie mtu. Kasema kwa ile sauti yake nyembamba kwamba atapima mwenyewe.

Nimepata usingizi wa mtoto leo mchana, kichwa juu ya belo la kitambaa.

Ijumaa, 7 Juni, asubuhi

Haiingii.

Kadi imefika. Nzito, nyeusi, ina feni tatu, ni kitu cha kumtoa mtu machozi. Na haiingii! Nimejaribu kwa mbele, kwa nyuma, kwa kuanzia pembeni. Inapachikwa mahali pake vizuri, halafu mkia wake unagonga wavu wa mbele na hauna pa kwenda.

Nimeipima. Kwa mkono wangu ni shubiri moja na vidole vitano. Nimetapeliwa! Nafunga duka, nakwenda kumwonyesha yule kimbaumbau.

Ijumaa, jioni

Si kimbaumbau.

Nilipanda ngazi mpaka dukani kwake nikiwa nimeshakariri maneno makali. Nyuma ya kaunta kulikuwa na jitu. Jitu! Nikauliza mwenye duka yuko wapi, na lile jitu likanijibu kwa sauti nyembamba, ya upole, kwamba ndiye yeye. Likatoa mkono kunisalimia. Mkono wangu ukapotea ndani, kama umeingia mfukoni.

Nikasahau maneno yote makali. Nikauliza tu, kwa adabu, kama anaweza kunionyesha shubiri yake. Akaitandaza juu ya kaunta. Nikaitandaza yangu kando yake. Tulitazama pale, watu wazima wawili, vidole vyake vikipita vyangu mbali.

Muungwana, lakini. Alikubali kunibadilishia na kadi fupi, palepale, bila maneno. Nikaiona hiyo fupi. Ilikuwa sawasawa na ya shemeji. Nikakataa! Nikamwambia abaki na ufupi wake. Kasema haya, mzee, na akaniwekea programu zote na lile gemu kwenye diski, bure.

Njiani wazo likanijia, nikasimama katikati ya barabara na dereva mmoja akaniita jina la mnyama. Kama kadi haienei ndani, itoke nje! Nimechukua mkasi wa bati wa jirani na kukata wavu wa mbele. Mkia wa kadi sasa unachungulia nje. Kasha lina dirisha. Na penye dirisha, mtu wa kazi yangu anajua kinachofuata.

Nimechagua mahameli ya bluu iliyoiva. Nimemwomba mke wangu anishonee pazia dogo kwenye cherehani yake, lenye marinda, nikamwambia ni la mteja. Kauliza mteja gani mwenye dirisha la ukubwa wa kitabu. Nikasema ana nyumba ndogo. Kanitazama kwa muda ambao sikuupenda. Ikabidi nifafanue kwamba nina maana ya nyumba yenye vyumba vidogo, si nyumba ndogo ile. Ameshona vizuri mno.

Nimelitundika. Nimewasha. IMEWAKA!

Kwenye rafu inaenea, ila imebidi niisogeze televisheni kidogo. Hakuna aliyeona. Mke wangu ameona.

Jumamosi, 8 Juni

Wamekuja wote. Mama mkwe alikalishwa kwenye kochi kubwa, kama jaji. Shemeji alileta Jokofu likiwa limebebwa na watu wawili, naye nyuma akiwaelekeza washike wapi. Lilipita mlangoni kwa kulazwa ubavu.

Nikamwonyesha yangu. Rafuni, ndogo, rangi ya maziwa, pazia la bluu likiwa limetulia. Shemeji akauliza mashine iko wapi. Oh! Ningekufa wakati ule ningekufa na furaha yangu. Akauliza pazia la nini. Nikamwambia ni teknolojia, hawezi kuelewa.

Mashindano yakaanza. Jokofu liliunguruma, chai ya mama mkwe ikatikisika kikombeni. Yangu kimya kabisa. Na picha! Barabara inang'aa! Mzunguko wa kwanza nikampita shemeji. Mzunguko wa pili nikamwacha mbali. Nilikuwa nimesimama juu ya stuli, sijui nilipanda saa ngapi. Mzunguko wa mwisho, mstari wa mwisho nauona kwa macho yangu, feni za kadi zikaongeza kasi kwa joto, na pazia likaanza kupumua. Ndani. Nje. Ndani.

Halikurudi tena nje. Feni zililimeza lote pamoja na marinda. Ikasikika grrrk! Kioo kikawa cheusi.

Shemeji alipita mstari polepole, kwa makusudi, huku anapunga mkono. Akaweka kidhibiti chini. Akavuta kiti, akakaa, akakunja nne. Akasema anasubiri.

Nikashuka kwenye stuli. Watu wote wananitazama, na mke wangu anatazama zulia, jambo lililoniuma kuliko yote. Nikafungua mdomo. Nikasema "Fu". Ile nyingine haikutoka.

Ndipo mama mkwe akauliza kile kitambaa kimeshonwa na nani. Alikuwa ameinuka, ameinama mbele ya rafu na miwani yake, anachungulia mdomo wa mashine. Akasema mashine nzima imekwama, lakini mshono haujaachia hata uzi mmoja. Mshono kama ule hajauona siku nyingi. Mke wangu akasema ni yeye. Mama mkwe akatugeukia mimi na shemeji, akasema basi humu ndani fundi ni huyu.

Shemeji akaruka. Akasema hapana, mama, sharti lilikuwa fundi wa kompyuta, si wa cherehani. Wakati ule ule mke wangu alikuwa amechomoa waya ukutani, ameingiza vidole viwili, amelizungusha pazia taratibu akalitoa zima, akarudisha waya na kubonyeza. Mashine ikawaka. Taa, picha, muziki, kila kitu!

Mama mkwe akamuuliza shemeji kama bado ana swali.

Tulimwita mmoja mmoja, tumesimama. Shemeji kwanza, kwa sababu ni mkubwa. "Fundi." Kisha mimi. Nilifikiri nitaona aibu. Wapi! Mke wangu alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi, na pazia kalishika mkononi limelowa mafuta ya feni, na mimi nikalirudia jina lile mara ya pili bila kuambiwa.

Kisha Fundi akasema na yeye anataka kujaribu hilo gemu. Katushinda wote wawili. Shemeji mara mbili.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi tulivu. Fundi ameamua kompyuta itabaki rafuni, lakini bila nguo. Televisheni imerudi mahali pake. Ubavu wa kasha unaigusa kidogo, ikipata joto inabadilisha rangi za taarifa ya habari. Tunazoea.

Shemeji kapiga simu. Nilijua ni kunicheka, nikajiandaa kwa jibu. Hapana! Sauti ya chini, anaongea akiwa jikoni ili mkewe asisikie. Amechoka na Jokofu. Jana wakati wa kulirudisha wamevunja kioo cha mlango. Anataka dogo kama langu, na hajui pa kuanzia. Kauliza kama naweza kumsaidia kuchagua vifaa.

Nikajifanya natafuta kalamu. Nikamwacha aombe tena.

Akaomba tena. Akasema, "Nisaidie bwana, Fundi."

Fundi! Kwenye simu, hana shahidi, lakini kasema, na mimi naandika hapa! Nimemwambia aniachie mimi kila kitu. Amenitajia muuza vifaa mmoja mwenye sauti nyembamba, aliyemwambia apime kwanza. Nimemwambia muuzaji namjua, mtu mwema, ila ana tabia ya kuuliza maswali mengi, asimsikilize. Achukue kasha lolote, mradi limempendeza. Mengine yatajipanga.

Kashukuru sana. Keshaagiza.