Kwa Anuani ya Idara

"Mimi sijahama."

"Hakuna aliyesema umehama, mama. Umewekwa tu sehemu nyingine."

"Duka langu liko nyuma ya stendi ya mabasi, mlango wa bluu. Jana lilikuwa pale, leo liko pale. Kwenye simu inaonyesha niko hapa. Ndani ya ofisi yenu."

"Ndiyo. Na hongera."

Karani wa mapokezi aliitoa hiyo hongera kwa uso mkavu, maana ndivyo alivyoelekezwa: mfanyabiashara akija kulalamika apewe hongera kwanza, lalamiko baadaye. Mama Pindo, mshonaji wa sare za shule, alimkazia macho kama anavyokazia zipu iliyogoma. Akasema hatoki pale mpaka aonane na mkubwa. Karani akamwonyesha benchi. Benchi lilikuwa limejaa watu waliokwisha kupewa hongera.

Ifahamike kwamba hakuna kosa lililofanyika. Idara ya Kuonekana ilikuwa imezinduliwa kwa tangazo zito, likasomwa redioni na kubandikwa kwenye kila nguzo yenye nafasi: kwamba kuanzia sasa hakuna mwananchi atakayeonekana ovyo ovyo, kwamba biashara zote, kubwa kwa ndogo, zitaonekana mtandaoni kwa utaratibu, kwa heshima, na kwa anuani ya Idara. Waziri alitia saini. Mkurugenzi akapiga picha na saini.

Wazo lilikuwa la Mkurugenzi mwenyewe, na lilitoka mbali. Utotoni kwake mtaa mzima ulitumia sanduku la posta moja, la shule. Barua ya posa, barua ya msiba, barua ya kugombana, zote ziliandikwa kwa anuani ya mwalimu mkuu, na zote zilifika, ingawa mwalimu mkuu aliyajua mambo mapema kuliko wenyewe. Sasa mtu huyu alipokabidhiwa ramani ya kwenye simu, aliona ni posta ile ile, ila inang'aa. Akaamuru wenye biashara wakabidhi nywila zao za ramani hiyo, na asiyekabidhi leseni yake itapumzishwa. Wakakabidhi. Biashara zote zikahamishiwa kwenye jengo la Idara, simu zote zikawa simu ya mapokezi, na majina ya mitaani yakasafishwa. Duka la Sare kwa Mama Pindo likawa Mtoa Huduma wa Mavazi ya Kitaasisi. Kinyozi akawa Mdhibiti wa Nywele. Fundi friji mpaka leo hajui aliitwa nani.

Jina Mama Pindo angelivumilia. Ameshaitwa mabaya zaidi na wazazi wenye watoto wanaorefuka haraka. Kilichomtoa dukani ni msimu. Ushonaji wa sare una msimu mmoja wa maana, ule kabla shule hazijafunguliwa; miezi mingine yote ni viraka na vifungo. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Sare zilikuwa zimeshonwa, zimejaa dukani mpaka paka kakosa pa kulala. Zisipotoka safari hii, Mama Pindo anafunga mlango wa bluu na kuhamia kwa mwanawe, kwenye nyumba ambayo ukitaka kuchemsha chai lazima ukohoe kwanza, mkwe ajue kuna mtu anaingia jikoni. Na yeye kukohoa kwenye jiko la mtu hakuwa tayari.

Msimu uliopita mambo yalinyooka. Shemeji yake, fundi simu wa kibanda cha pili, alimtengenezea tovuti, akamweka kwenye ramani, akamwambia awaombe wateja waandike neno na kumpa nyota. Alimweleza kwa lugha ya mtaani, maana nyingine hana.

"Shemeji, huu mtandao ni mmbea. Wewe haukujui, unauliza majirani. Tovuti ikisema uko nyuma ya stendi, ramani ikasema uko nyuma ya stendi, jina moja, namba moja, na wateja wakasema kweli tulimkuta pale, mmbea anaamini. Mtu akiuliza sare, anakutaja wa kwanza. Lakini akisikia huku uko hivi na kule uko vile, anasema huyu tapeli. Hakutukani. Anakaa kimya tu, kama hujazaliwa."

Na kweli mmbea akamtaja wa kwanza, juu ya lile duka kubwa la ghorofani lenye kiyoyozi na midoli isiyo na vichwa. Wazazi wakajaa mlangoni.

Sasa tovuti ilisema stendi, ramani ikasema Idara. Tovuti ilisema Mama Pindo, ramani ikasema Mavazi ya Kitaasisi. Namba hii, namba ile. Mmbea akakaa kimya. Tovuti ikaporomoka kutoka ukurasa wa kwanza hadi huko nyuma ambako hata mtu anayejitafuta mwenyewe anakata tamaa njiani.

Mkurugenzi alimpokea vizuri. Ofisini kwake kulikuwa na zulia, kioo kirefu cha kujitazamia, na skrini ukutani yenye ramani ya mji. Mji wote ulikuwa mweupe, safi, hauna kitu, isipokuwa sehemu moja katikati ambapo alama nyekundu zililaliana kama nyanya zilizomwagwa gunia.

Akamweleza kwa upole kwamba zamani biashara zilikuwa zimetapakaa kila kona bila nidhamu, na sasa zimekusanywa. Mama Pindo akauliza mzazi anayetaka sare atafanyaje. Atakuja hapa, akajibiwa. Akishakuja? Ataelekezwa. Na nani? Mkurugenzi akasema kuna nafasi ya mwelekezaji, itajazwa muundo ukishapita.

"Mkubwa, shule zinafunguliwa. Zenyewe hazisubiri muundo."

"Mama, kabla ya Idara ulikuwa unaonekana na watu wachache tu wa nyuma ya stendi. Leo unaonekana pamoja na taifa."

"Naonekana na nani? Tangu mnionyeshe sijamwona hata mtoto mmoja."

Mkurugenzi akaandika kwamba mwananchi ametoa shukrani zenye changamoto.

Wateja walikuwa wanakuja kweli, ila kwa Idara. Jamaa mmoja alisukuma friji kwenye mkokoteni mpaka mapokezi, friji ikalazwa kwenye benchi, jamaa akaambiwa asimame. Bi harusi alikuja kupambwa, akapewa namba ya foleni. Mwenye pancha akaambiwa gurudumu lisubiri nje. Wote walirudi majumbani na hasira na simu zao, wakaandika maneno ambayo hapa hayafai, na kutoa nyota moja moja. Kamati ya Nyota ikakaa. Ikaona kwamba nyota moja ni nyota, kwamba nyota ni sifa, na kwamba Idara imepata sifa mia kadhaa ndani ya kipindi kifupi. Wajumbe wakapigiana makofi, wakanywa soda.

Mama Pindo alirudi dukani akakaa kwenye kiti chake katikati ya sare. Aliwaza sana, na kwa kuwa hakusoma mambo ya utawala, aliwaza moja kwa moja. Kesho yake alimwita mwenye mkokoteni, akapakia cherehani, pasi, marobota ya sare na kiti, akateremka nayo mjini.

Mlinzi wa Idara akamzuia. Mama Pindo akamwonyesha tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya geti lenyewe.

"Soma hapo. Mimi niko wapi?"

Mlinzi akasoma. Akasoma tena. Akasema kwa mujibu wa tangazo yupo ndani.

"Basi unamzuia nani hapa nje?"

Mlinzi akafungua geti. Ndani kukawa na kikao cha dharura. Wengine walitaka atolewe, lakini mwanasheria akauliza: tukimtoa tukasema hapa si pake, si tunasema Waziri amesaini uongo? Mkurugenzi, ambaye cheo hakukipata kwa bahati tu, akapata neno la kulifunika jambo. Akasema hili si uvamizi, ni utekelezaji. Cherehani ikapewa ukumbi wa chini, karibu na soketi.

Shemeji akafanya kazi yake jioni hiyo hiyo. Nywila ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu kwenye ubao wa mapokezi, ili isipotee, akaitumia kurudisha jina la Mama Pindo kwenye ramani. Anuani akaiacha ya Idara, na simu akaiacha ya mapokezi. Kisha akabadili tovuti ifanane: jina hilo, jengo hilo, namba hiyo. Mbele na nyuma, hadithi moja.

"Sasa mmbea akiuliza, kila mlango unamjibu sawasawa," akasema. "Bado watu tu wakushuhudie."

Watu wakaja. Mzazi aliyefuata ramani akaingia mapokezi akiwa ameshajiandaa kugombana, akakuta cherehani inalia na mama ana tepu shingoni. Akatoka na sare na furaha ya mtu aliyetarajia kofi akapewa ugali. Akaandika. Akaja mwingine, akaandika. Tovuti ikaanza kupanda, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka siku moja shemeji akamwonyesha simu: wa kwanza, juu ya midoli isiyo na vichwa.

Simu ya mapokezi ikawa hailali. Karani alianza kwa kujibu "Idara ya Kuonekana, hongera." Kazi ilipozidi akapunguza ikawa "Sare, hongera." Mwishowe akawa anainyanyua tu na kuuliza, "Ukubwa gani?" Na isemwe haki, hajawahi kufanya kazi vizuri namna ile tangu aajiriwe. Ofisi ya Mkurugenzi, kwa sababu ya kile kioo kirefu, ikawa chumba cha kujaribishia. Yeye mwenyewe akawa anabisha hodi kwanza, na mara nyingi sauti ya mtoto inamjibu asubiri, suruali haijapanda.

Tatizo likatoka pasipotarajiwa. Mmbea, alivyoona majina yote yale kwenye mlango mmoja, akafanya anachofanya mmbea yeyote mwenye akili: akabaki na yule anayesemwa vizuri, wengine akawahesabu ni kivuli chake. Idara ya Kuonekana, yenye nyota moja moja na maneno yasiyofaa, ikatoweka kwenye ramani. Tovuti yao, yenye picha ya Mkurugenzi na saini, ikazama kusikojulikana. Ukiandika Idara ya Kuonekana kwenye simu, unaletewa sketi za marinda.

Hakuna aliyegundua mpaka Waziri alipotaka kuja kukagua mafanikio. Dereva akatafuta njia kwenye simu, akapata sketi za marinda. Waziri akachukua simu mwenyewe, akapiga namba iliyokuwa pale.

"Ukubwa gani?" akauliza karani.

"Unajua unaongea na nani? Mimi ni Waziri."

"Sawa mzee. Kiuno?"

Inasemekana Waziri, kwa mshtuko, alikitaja. Lakini alipokata simu alimpigia Mkurugenzi kwenye namba ya nyumbani, na maneno yalikuwa machache: Idara inayoonyesha watu wote haionekani yenyewe. Ikifika Ijumaa bado haionekani, anaikunja kama mkeka, na aliyelala juu yake anaondoka nayo.

Mkurugenzi hakulala. Asubuhi alishuka ukumbini, akasimama kwenye foleni nyuma ya mama mmoja mwenye mapacha, kwa kuwa ndio ulikuwa utaratibu. Zamu yake ilipofika alikuwa ameshapoteza ile sauti ya tangazo. Akasema anaomba jengo lake. Hakusema "Idara inaomba". Alisema naomba, na akaongeza kwamba amebakiza miaka michache tu astaafu, na kwao kijijini wameshaambiwa yeye ni nani.

Mama Pindo alimsikiliza mpaka mwisho huku sindano ziko mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichoma kwenye mto wake.

"Mimi nikitoka leo, wazazi watanitafuta wapi? Mmbea ameshazoea niko hapa. Nikihama katikati ya msimu anarudi kuniita tapeli. Msimu ukiisha tutaongea, kaka."

"Na Ijumaa je, dada yangu?" Mkurugenzi hakuwahi kumwita mtu dada tangu apewe zulia.

Shemeji, aliyekuwa amekaa kwenye dirisha, akamweleza bila kumsimanga. Idara inatakiwa ipate mlango ambao hakuna mwingine aliyesimama. Iweke kibao cha jina. Iweke simu inayopokelewa. Na ipate watu wa kuisema vizuri, hata wawili, ikibidi ndugu.

"Mlango wa namna hiyo mjini hapa haupo," Mkurugenzi akasema. "Yote tumeisafisha."

"Upo mmoja," Mama Pindo akasema. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa ufunguo. "Nyuma ya stendi. Kiti nimekichukua, mtasimama. Mtaandikwa kwa anuani yangu, na barua zenu zikija nitazisoma kwanza, halafu nitawaletea."

Mkurugenzi akaupokea ufunguo kwa mikono miwili. Nyuma yake wakuu wa vitengo walikuwa wameshajipanga na mafaili kifuani, Kamati ya Nyota mwishoni, wanangoja kuongozwa. Kwa kuwa hakuwahi kufika nyuma ya stendi maishani mwake, alitoa simu, akaandika Mama Pindo, akabonyeza apewe njia. Simu ikafikiri kidogo, ikamwambia amefika.

Akaitazama. Akabonyeza tena, ikamwambia vile vile. Akainua uso aulize ni kulia au kushoto, lakini Mama Pindo alikuwa ameshageuka, tepu mkononi, anaenda zake kumpima mtoto.