Leso ya Bi Kulthum Kwenye Matofali

Jumatatu, 4 Agosti
Nina miaka arobaini na saba na nimeanza kuchora matofali. Wardah, mjukuu wa mama mwenye nyumba wetu, amejenga mtaa wetu wa Mjambere ndani ya gemu ya simu. Anatafuta sura mpya za kuta na barabara. Atakazochagua zitaonekana kwenye simu za wote wanaocheza. Bramwel wa chumba cha nne ana kompyuta. Mimi nina simu yenye ufa. Lakini ajabu! Ukibadilisha picha moja ya mchanga, mchanga wote wa mtaa unabadilika. Nimebadilisha mara sita, kuangalia tu.

Jumanne, 5 Agosti
Bramwel kaleta ukuta wa kijivu. Wardah kasema mzuri. Mzuri! Nikaona leso ya Bi Kulthum, mwenye nyumba, kwenye kamba. Nyekundu, yenye nakshi za korosho. Sikuomba ruhusa, naungama. Nikaipiga picha, nikaikata, nikaiweka kuwa tofali. Maandishi nikayaacha, yanapendeza. Tena picha kubwa, kila herufi inasomeka, si vidoti vya Bramwel.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeshinda!
Mchana. Balaa. Katika mtaa wa Wardah nyumba ya matofali ni moja tu: ya Bi Dhahabu, ng'ambo ya njia, dadake Bi Kulthum. Mke wangu Milcah anasema leso ile ilinunuliwa wakati dada hao hawasemezani, miaka miwili. Wamepatana Idd hii tu. Sasa kuta za Bi Dhahabu zimeandikwa kuanzia chini hadi paani: CHUNGULIA UTACHOKA, NDANI HUINGII. Bi Dhahabu amerudisha bakuli la Bi Kulthum. Tupu! Milcah aliniuliza mtu hukaaje Mombasa miaka kumi na tisa asijue leso husema. Nilijua. Sikujua husema mpaka kwenye gemu.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeigeuza picha kushoto kulia, maneno yasisomeke. Watu wanasoma kwa kioo. Kioo kaleta Bramwel.

Ijumaa, 8 Agosti
Nikaenda kwa Bi Dhahabu, nikamwamkia shikamoo, nikaungama yote. Bi Kulthum alikuwa mlangoni kwake, kajifanya anafagia. Bi Dhahabu akanitazama sana.
"Mwanangu Kyalo, yaani kumbe mwenye kunitukana ni wewe?"
Akacheka. Ng'ambo ufagio ukasimama, na Bi Kulthum akacheka. Jioni bakuli limevuka njia na kaimati. Nimeapa mbele ya Milcah: sipigi tena leso picha.

Jumamosi, 9 Agosti
Bi Dhahabu kaniita chai. Akauliza, kwa upole, nyumba ya Bi Kulthum kwenye gemu ni ya nini. Nikasema saruji. Akauliza kama saruji nayo ukibadilisha moja hubadilika zote. Kisha akasimama penye mwanga, akaninyooshea leso yake mpya: NIMESAMEHE, SIKUSAHAU.
Kiapo ni kiapo. Lakini zambarau ile! Nimepiga moja tu, kuangalia rangi. Picha kubwa.
Bramwel hana zambarau.