Droni ya Shemeji Haiguswi

Jumatatu, 3 Machi
Droni ya shemeji imeanguka. Sawa, nimeiangusha. Shemeji, kaka wa mke wangu, ni mpima ardhi. Amesafiri, akaiacha sebuleni kwetu na kusema isiguswe. Lakini mpiga picha wa hapa mtaani kila siku anatamba kwamba mtaa huu kutoka juu ameuona yeye peke yake. Nikataka kumziba mdomo. Dakika mbili hewani, kisha puu, tangi la maji la jirani. Mpiga picha alikuwepo. Akanipa pole. Afadhali angecheka.

Jumanne, 4 Machi
Ukaguzi. Propela moja imekatika. Mkono mmoja wa kushikilia propela una ufa. Kamera imeinamisha kichwa kama mfiwa. Betri nzima, ila imenona kidogo. Droni nimeificha kabatini, katikati ya mashuka. Mkono nimeugandisha kwa gundi ya viatu. Vidole vyangu viwili navyo vikagandana. Mke wangu akauliza mbona nashika kijiko kwa kushoto. Nikasingizia baridi yabisi.

Jumatano, 5 Machi
Nimefunga propela za akiba. Zote zinafanana, nani alijua kuna za kulia na za kushoto? Nikawasha. Ikapinduka chali, ikanyoa maua ya mke wangu. Nikairudisha kabatini, lakini sasa anajua. Hakugomba. Alisema tu kwamba Ijumaa kaka yake ana shamba kubwa la kupima, na bila droni kazi atapewa mwingine.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji karudi. Nilikuwa na hadithi ya upepo mkali. Aliponitazama tu nikaisahau. Nikakiri. Hakuuliza habari ya droni, aliuliza betri iko wapi. Tukafungua kabati. Imevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Akaibeba taratibu hadi uani, akaitia kwenye ndoo ya mchanga.

“Droni ni chombo tu, shemeji,” akasema. “Betri ikivimba hushika moto, na humu ndani analala dada yangu.”

Mchana kutwa akanifundisha: betri hutolewa kwanza, kila propela hupitishwa ukucha kutafuta ufa, kila mota huzungushwa kwa kidole na kusikilizwa. Moja ilikwaruza. Tukaibadilisha, na mkono pia. Nimechoka kwa aibu kuliko kwa kazi.

Ijumaa, 7 Machi
Imepaa, kwa betri ya akiba. Shamba limepimwa. Shemeji amenisamehe.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe kapiga simu. Feni yake inakwaruza, anataka kumwita fundi. Nimemwambia asijisumbue, nakwenda mwenyewe. Mota ni mota.